Rangi za Giza Katika Chumba Kimoja: Ukuta Unavyofanya Kazi ya Taa

Watu wengi katika miji ya Afrika Mashariki huanza maisha ya kujitegemea katika chumba kimoja cha kupanga. Chumba hicho huwa ni mahali pa kulala, pa kula na pa kupokea wageni, na kwa mwanafunzi au mwalimu huwa pia ni mahali pa kusomea na kusahihisha madaftari. Kwa miaka mingi kuta za vyumba vya namna hii zimepakwa chokaa au rangi ya maziwa, na aghalabu hakuna aliyeuliza sababu. Siku hizi, hata hivyo, picha za vyumba vilivyopakwa rangi nyeusi, buluu ya usiku, kijani cha chupa na zambarau iliyoiva zinatoka Ulaya na Marekani na kuwafikia vijana kwa njia ya simu na magazeti, nao wako wanaokwenda dukani kutafuta makopo ya rangi hizo.

Wapinzani wa rangi hizo husema kwamba hukifanya chumba kidogo kizidi kuwa kidogo, tena kiwe na joto. Wapenzi wake hujibu kwamba humpa mtu utulivu na kuvipendezesha vyombo vichache alivyo navyo. Maneno ya pande zote mbili yana ukweli na yana makosa, na fizikia ya sekondari yatosha kuyapambanua. La kwanza la kufahamu ni kwamba ukuta si pambo tu. Ukuta ni sehemu ya taa.

NURU YA KWANZA NA NURU YA MAREJEO

Balbu inapowashwa, nuru hutoka kila upande. Sehemu yake hufika moja kwa moja juu ya kitabu kilicho mezani. Sehemu kubwa zaidi hupiga kwanza kuta, dari na sakafu. Hapo nuru hugawanyika: nyingine hufyonzwa na kugeuka joto, na nyingine hurudishwa chumbani, ikapiga ukuta wa pili, ikafyonzwa kidogo na kurudishwa tena. Safari hiyo huendelea kwa kasi ya nuru yenyewe, kwa hiyo jicho haliwezi kuona hatua zake. Huona tu kwamba chumba kimejaa mwanga, na kwamba hata uvungu wa kitanda, ambao balbu haiuoni kabisa, una nuru kidogo.

Tuseme sehemu ya nuru inayorudishwa kila mara ni r. Basi jumla ya marejeo yote ni r + r² + r³ na kuendelea bila kikomo, na mwanafunzi aliyesoma mfululizo wa kijiometri ataona mara moja kuwa jumla hiyo ni r ÷ (1 − r). Rangi nyeupe safi hurudisha kiasi cha asilimia 80 ya nuru. Kwa chumba kilichopakwa rangi hiyo kila upande, jumla ya marejeo ni 0.8 ÷ 0.2, yaani 4. Balbu moja huwa imeongezewa kazi ya balbu nne zisizoonekana, wala hazimo katika bili ya umeme. Kwa rangi inayorudisha nusu, jumla ni 1. Kwa rangi inayorudisha asilimia 20, ni robo tu. Na kwa rangi nyeusi, inayorudisha asilimia 5 hivi, jumla ni kama 0.05: karibu kila mwale unaofika ukutani haurudi.

Hesabu hiyo yafaa kufanywa juu ya chumba halisi. Chumba chenye urefu wa mita 3, upana wa mita 3 na kimo cha mita 2.7 kina dari ya mita za mraba 9, sakafu ya mita za mraba 9, na kuta za mita za mraba 32.4, jumla 50.4. Kiwekwe ndani yake balbu ya kisasa ya wati 9, inayotoa lumeni 800 hivi, nayo ining'inie mita 1.7 juu ya meza. Bila kuhesabu marejeo yoyote, nuru inayofika mezani kutoka kwenye balbu ni kama luksi 22. Kiasi hicho hakibadiliki hata kuta zipakwe lami, kwa sababu njia ya kutoka kwenye balbu hadi mezani haipiti ukutani.

Sasa yaongezwe marejeo, kwa kuchukulia kwamba sakafu ya saruji hurudisha asilimia 30. Kuta na dari zikiwa nyeupe, wastani wa nuru inayorudishwa na nyuso zote ni asilimia 71, na nuru ya marejeo chumbani ni kiasi cha luksi 39. Mezani zitakuwa luksi 61. Ukuta mmoja kati ya minne ukipakwa rangi nyeusi, marejeo hushuka hadi luksi 23. Kuta zote nne zikiwa nyeusi na dari ikabaki nyeupe, hubaki luksi 5 hivi. Na dari nayo ikipakwa nyeusi, marejeo hayafiki hata luksi 2.

Hesabu hii ni ya makadirio, maana haikuzingatia kitanda, kabati wala nguo zilizotundikwa, navyo hufyonza nuru kwa hesabu yao. Lakini yaonyesha mambo mawili ambayo macho hayakisii. Kwanza, ukuta mmoja tu wa giza, ambao wengi huuona kuwa ni tahadhari ya mtu asiyetaka kuzidisha, hupunguza nuru ya marejeo kwa asilimia 40 hivi. Pili, mwenye kupaka kuta zote rangi ya giza anapoiacha dari nyeupe, anajipatia karibu mara tatu ya marejeo ambayo angepata kama dari nayo ingekuwa ya giza. Dari ndogo ya mita za mraba 9, iliyo chini ya bati au zege, ina thamani kubwa kuliko ukubwa wake.

Mwalimu anayetaka kulionyesha jambo hili darasani hahitaji chombo cha thamani. Masanduku mawili ya viatu yatosha. Moja libandikwe karatasi nyeupe ndani, na jingine lipakwe masizi ya kibatari. Kila sanduku litobolewe tundu moja ubavuni la kuingizia nuru ya tochi, na tundu jingine dogo la kuchungulia, mahali ambapo mwale wa tochi haufiki moja kwa moja. Kipande cha gazeti kikibandikwa kwenye kona ya ndani, katika sanduku jeupe kitasomeka, na katika sanduku la masizi hakitasomeka, ingawa tochi ni ile ile.

NYUMBA ZA MAWE ZA LAMU

Waliojenga nyumba za mawe za Lamu katika karne ya 18 hawakuwa na kipimo cha luksi, lakini tatizo lao lilikuwa hili hili. Dari zao zilibebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti uliufanya upana wa chumba uwe kiasi cha mita mbili na nusu hadi tatu. Vyumba vyembamba vilipangwa kimoja nyuma ya kingine kuanzia kiwandani: msana wa tini, msana wa yuu, kisha ndani. Kiwanda peke yake ndicho kilichokuwa wazi kwa anga. Nuru ya kukifikia chumba cha ndani ilipaswa kuvuka misana miwili, na kila ilipopiga ukuta ilitozwa ushuru.

Dawa ilikuwa chokaa. Kuta zilipakwa lipu nyeupe laini, na katika ndani ukuta mzima ulijazwa zidaka, yaani vishubaka vilivyochongwa kwa lipu hiyo hiyo nyeupe. Mwanga hafifu uliofika huko ulipokelewa na nyuso nyingi nyeupe na kurudishwa. Rangi ya giza haikukosekana, ila iliwekwa pale ambapo haikudai nuru nyingi: katika mbao za milango, vitanda, viti na boriti zenyewe. Ni mgawanyo wa busara, na mpangaji wa leo angeweza kuuiga bila kununua kopo hata moja la rangi nyeusi.

Kwa upande mwingine, weusi wa ukutani si jambo geni lililoletwa na picha za Ulaya. Nyumba nyingi zilizomulikwa kwa kibatari au kupikiwa kwa kuni zilipata kuta nyeusi zenyewe, kwa sababu masizi ni kaboni ile ile ambayo viwanda huitia katika rangi nyeusi ya dukani. Wenye nyumba hizo walikwangua na kupaka chokaa kila walipoweza. Hawakuwa wakifuata mitindo. Walikuwa wakitafuta mwanga ambao taa yao ndogo haikuweza kuutoa.

JICHO HALIHESABU ASILIMIA

Kama hesabu ingekuwa ndiyo yote, hakuna mwenye akili ambaye angepaka ukuta rangi ya giza. Lakini jicho si chombo cha kupimia luksi. Hulinganisha. Mmarekani Albert Munsell, aliyekuwa mchoraji na mwalimu wa sanaa, alichapisha mwaka 1905 mpango wake wa kupanga rangi, ambamo weupe na weusi hupewa namba kutoka 0 hadi 10 kwa hatua ambazo jicho huziona kuwa sawa. Katika mpango huo, kama ulivyosanifiwa baadaye, rangi ya namba 5, ambayo mtu yeyote angesema ni ya katikati, hairudishi asilimia 50 ya nuru. Hurudisha asilimia 20 hivi tu. Namba 3 hurudisha kama asilimia 6 na nusu.

Hapa pana mtego kwa mnunuzi. Mtu anayechagua kijivu cha wastani, akidhani kuwa amechukua njia ya kati, amekwisha kukubali kupoteza sehemu nne kwa tano za kila mwale unaogusa ukuta. Baada ya hapo, kutoka kijivu hicho hadi kukaribia weusi hakumpotezei mengi. Hasara kubwa ilikwisha kupatikana kati ya nyeupe na kijivu.

Lakini kulinganisha huko huko ndiko kunakoipa rangi ya giza heshima yake. Mwaka 1824 mkemia wa Kifaransa Michel Eugène Chevreul aliwekwa kuwa mkuu wa kazi za kutia rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, mjini Paris. Wafumaji walilalamika kuwa uzi mweusi haukuwa mweusi vya kutosha. Chevreul aliupima uzi huo akaona hauna kasoro. Kasoro ilitokana na rangi zilizofumwa kando yake, hasa buluu na zambarau, ambazo ziliufanya weusi uonekane umepauka. Mwaka 1839 alichapisha kitabu kikubwa juu ya jambo hilo: rangi mbili zikiwekwa jirani, jicho huzidisha tofauti iliyopo kati yake.

Kwa hiyo sinia ya shaba, kitabu chenye jalada jekundu au shuka nyeupe ikiwa mbele ya ukuta wa giza huonekana kung'aa kuliko mbele ya chokaa, ijapokuwa kwa kipimo huenda imepata nuru pungufu. Mwandishi wa Kijapani Jun'ichirō Tanizaki, katika insha aliyoitoa mwaka 1933 kusifu vivuli, alieleza kuwa vyombo vya mbao vilivyopakwa utomvu na kutiwa dhahabu vilitengenezwa ili vitazamwe katika mwanga hafifu, na kwamba taa ya umeme imeviharibia uzuri wake. Sifa hiyo ni ya haki. Yafaa tu kukumbuka kwamba Tanizaki alizungumzia kutazama, wala si kusahihisha madaftari arobaini.

JE, CHUMBA HUWA KIDOGO?

Macho hujua ukubwa wa chumba kwa dalili nyingi, na mojawapo ni mistari ya pembeni, mahali ambapo ukuta hukutana na ukuta mwenzake au na dari. Katika chumba cheupe kila ukuta hupata nuru kwa kiasi tofauti, kwa hiyo kona zake huonekana waziwazi. Katika chumba cheusi tofauti hizo hufifia, na kona hupotea. Hii ndiyo sababu baadhi ya watu husema kwamba usiku chumba chao cha giza hakionekani kuwa na mwisho, na wengine, katika chumba hicho hicho, husema wamefungiwa.

Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Mainz, Ujerumani, walichapisha matokeo ya majaribio ambamo watu walionyeshwa picha za vyumba vilivyotofautiana kwa rangi za nyuso zake, wakatakiwa kukisia kimo. Dari nyeupe ilifanya chumba kionekane kirefu zaidi kwenda juu. Kuta nyeupe nazo zilisaidia. Rangi ya sakafu haikuwa na athari. Kwa mtu aishiye chini ya dari ya mita 2.4 habari hiyo ina faida, nayo yaelekea upande ule ule wa hesabu ya nuru: kitu cha kwanza kuachwa kieupe ni dari.

RANGI HUBADILIKA USIKU

Mnunuzi huchagua rangi dukani wakati wa mchana, kisha huishi nayo usiku. Hizo ni hali mbili tofauti. Balbu zenye mwanga wa manjano, kama zile za zamani za waya, zina nuru chache ya buluu. Chini yake ukuta wa buluu ya usiku hauna cha kurudisha, na huonekana mweusi, ilhali ukuta wa damu ya mzee huchangamka. Balbu nyeupe zenye ubaridi hufanya kinyume chake.

Jicho nalo lina mabadiliko yake. Lina seli za namna mbili: zenye umbo la pia, ambazo hutambua rangi katika mwanga mzuri, na zenye umbo la fimbo, ambazo hufanya kazi katika mwanga hafifu lakini hazitambui rangi. Mtaalamu wa Bohemia, Jan Purkinje, alichapisha mwaka 1825 maelezo ya jambo aliloliona katika maua alfajiri: kabla ya jua kuchomoza maua mekundu yalionekana meusi, na ya buluu yalikuwa mangavu zaidi. Sababu ni kwamba seli za fimbo karibu hazihisi nuru nyekundu kabisa. Mwanga ukipungua mno, kama ulivyo katika kona za chumba cheusi chenye taa moja ndogo, wekundu hutangulia kufa. Seli hizo huhitaji dakika 20 hadi 30 ili kuzoea giza barabara, kwa hiyo chumba hicho hicho huonekana cheusi tititi kwa anayeingia kutoka juani, na huonekana cha kawaida kwa aliyekuwamo.

Njia ya kuepuka majuto ni rahisi. Ubao au kadibodi ya nusu mita kwa nusu mita ipakwe rangi inayokusudiwa, iachwe ikauke kabisa, kisha isimamishwe chumbani asubuhi, alasiri na usiku. Kuiacha ikauke ni muhimu, maana rangi za maji nyingi zikiwa mbichi huonekana nyeupe kidogo kama zimetiwa maziwa, na zikikauka huiva.

Uchaguzi kati ya rangi inayong'aa na isiyong'aa nao una sababu yake ya kifizikia. Uso wa utando wa rangi iliyokauka hurudisha asilimia 4 hivi ya nuru inayoupiga wima, kabla nuru hiyo haijaufikia unga wa rangi uliomo ndani. Katika rangi ya mafuta inayong'aa, asilimia hiyo 4 huenda upande mmoja kama kwenye kioo: taa huonekana ukutani kama doa kali, na sehemu nyingine zote huonekana nyeusi sana. Katika rangi isiyong'aa nuru hiyo hutawanyika kila upande, na weusi hupauka kidogo, lakini hakuna doa. Rangi isiyong'aa hupendeza zaidi. Inayong'aa huoshwa kwa urahisi. Katika chumba ambamo kitanda kimegusa ukuta, mafuta ya kichwa na vumbi jeupe vitaandika historia yao yote juu ya rangi nyeusi isiyong'aa.

JOTO

Juu ya joto wapinzani wana haki nusu. Ukuta wa nje au paa ukipakwa rangi nyeusi na kupigwa na jua la mchana, lenye nguvu ya kiasi cha wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, hufyonza karibu yote. Chokaa safi hufyonza kiasi cha moja kwa tano. Tofauti hiyo huhisiwa na kila alalaye ndani usiku, kwa sababu ukuta wa matofali hupitisha joto polepole na kulitoa saa nyingi baadaye.

Rangi ya ndani ni habari nyingine. Nuru ya balbu ya wati 9 huishia kuwa joto, chumba kiwe cheupe au cheusi. Tofauti ni kwamba katika cheupe huzungukazunguka kwanza. Nuru ya mchana iingiayo dirishani ikikuta kuta nyeupe, sehemu yake hurudi nje, lakini kwa dirisha la mita moja ya mraba sehemu hiyo ni pungufu ya moja kwa kumi. Na kuhusu mnururisho wa joto lenyewe, yaani miali isiyoonekana itokayo kwenye vitu vilivyo katika joto la chumbani, ambayo urefu wa wimbi lake ni kiasi cha mikromita 10, chokaa nyeupe ni "nyeusi" karibu sawa na rangi nyeusi: kila moja hufyonza na kutoa kiasi cha asilimia 90. Jicho halijui lolote juu ya rangi hiyo ya pili ya vitu. Anayesema kuwa ukuta mweusi wa ndani humwongezea jasho anahisi zaidi giza kuliko joto, isipokuwa kama amelazimika kuongeza taa.

MBU

Kuna jambo moja ambalo vitabu vya mapambo vya nchi za baridi havina haja ya kulitaja. Mbu wa malaria waingiao ndani hupenda kutua ukutani baada ya kunyonya damu, wakisubiri kuisaga. Ndiyo maana kupulizia dawa kwenye kuta za ndani kumetumika kupambana na malaria. Katika kuchagua mahali pa kutua hufuata vivuli na nyuso za giza. Wataalamu wa wadudu huitumia tabia hiyo: hutengeneza masanduku yaliyowekwa kitambaa cheusi ndani, na mbu hujiingiza humo wenyewe na kukamatwa kwa ajili ya uchunguzi.

Mbu wa aina ya Aedes aegypti, aenezaye dengi, amechunguzwa kwa upande wa rangi yenyewe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walionyesha mwaka 2022 kwamba mbu huyo akisha kunusa hewa ya kabonidioksidi itokayo katika pumzi, huruka kuelekea rangi nyekundu, ya chungwa na nyeusi, na kuipuuza nyeupe. Katika jamaa nyingine ya wadudu, mbung'o huvutwa na vitambaa vya buluu na vyeusi, na mitego yao hushonwa kwa rangi hizo.

Hii haina maana kwamba kopo la rangi nyeusi huleta homa. Mbu huingia kwa dirisha lisilo na wavu, na huzuiwa kwa chandarua, kuta ziwe za rangi yoyote. Lakini juu ya ukuta mweupe mbu mweusi huonekana kabla taa haijazimwa, na juu ya ukuta mweusi haonekani. Vivyo hivyo kwa ukungu mweusi wa unyevu, ambao juu ya chokaa hujitangaza mapema na juu ya rangi ya giza huota kwa muda mrefu bila kujulikana. Katika nyumba ya watoto wadogo, sababu hizo mbili zina uzito kuliko hesabu yote ya luksi.

TAA KARIBU, SI TAA KUBWA

Mpangaji aliyekwisha kuipenda rangi yake hukimbilia balbu kubwa. Hilo ni kosa la matumizi, kwa kuwa sehemu kubwa ya nuru ya nyongeza huishia kwenye ukuta uleule unaoimeza. Kanuni ya umbali ndiyo imfaayo: nuru hupungua kwa mraba wa umbali. Balbu ileile ya lumeni 800 iliyotoa luksi 22 kutoka mita 1.7, ikishushwa hadi nusu mita juu ya kitabu hutoa luksi 255, na ikitiwa kofia nyeupe ndani itazidi hapo. Viwango vya kimataifa vya taa za madarasa hudai kiasi cha luksi 300 hadi 500. Taa ndogo ya mezani, basi, humweka msomaji wa chumba cheusi karibu na darasa lililojengwa vizuri; balbu ya darini haimfikishi kamwe, hata katika chumba cheupe.

Hubaki tatizo la tofauti kali kati ya karatasi nyeupe iliyomulikwa na giza lililo nyuma yake. Kila macho yanapoinuka kutoka kwenye ukurasa hulazimika kujirekebisha, na kazi hiyo ikirudiwa usiku kucha huyachosha. Taa ya pili, hafifu, iliyoelekezwa kwenye dari nyeupe, hupunguza uchovu huo. Meza nayo iwe karibu na dirisha, na ukuta ulio kando ya dirisha uachwe mweupe, maana huo ndio unaopokea anga mwanzo na kuigawa chumbani.

Mwisho ni siku ya kuhama. Wenye nyumba wengi hutaka chumba kirudishwe kama kilivyokuwa, na hapo mpangaji hugundua kuwa koti moja la rangi nyeusi lilitosha kufunika nyeupe, lakini makoti matatu ya nyeupe huenda yasitoshe kufunika nyeusi. Kaboni humeza nuru, na unga kidogo sana watosha. Rangi nyeupe haimezi. Hufunika kwa kuitawanya nuru kabla haijafika chini, na hilo hutegemea unga wake kuipinda nuru zaidi kuliko gundi iliyoushika. Titani dioksidi, iliyomo katika rangi nyingi nyeupe za siku hizi, ina kipimo cha kupinda nuru cha kama 2.7 dhidi ya 1.5 cha gundi, kwa hiyo hufanya kazi hiyo vizuri, ingawa si kwa koti moja. Chokaa iliyokauka ina kipimo cha 1.6 hivi, nayo hupata weupe wake kutokana na hewa iliyomo kati ya chembe zake. Ikiwa bado mbichi, maji hujaza nafasi hizo na weusi wa chini huonekana kana kwamba hakuna kilichopakwa. Saa chache baadaye maji yakisha kukauka, ukuta huwa mweupe wenyewe, alimradi rangi ya mafuta iliyo chini iwe imekwanguliwa kwanza, la sivyo chokaa hubanduka magamba kwa magamba.